Mla cha Mwenziwe

Katika Kiswahili neno "bure" lina maana mbili zinazokaa nyumba moja bila kupatana. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Lakini mtu bure ni mtu asiye na faida, na aliyehangaika bure amerudi mikono mitupu. Nadhani maana hizo mbili zilipata kukaa pamoja kwa sababu wazee wetu waliijua tabia ya binadamu: kile kisichotutoa jasho hatuchelewi kukidharau. Maji ya mvua hatuyapimi, ya bomba tunayapima.

Swali ninalotaka tulichunguze, ndugu msomaji, ni hili: mtu akipewa kitu cha thamani na watu asiowajua, ambao hawamdai chochote wala hawatakuja kumjua, je, ana deni? Na kama analo, anamlipa nani? Swali hili ni la zamani kuliko vitabu. Mimi lakini lilinijia upya kwa njia ambayo sikuitazamia, yaani kwa njia ya kompyuta.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana katika mtaa wetu hapa Tanga. Kumbukumbu za chama zilianza katika madaftari, kisha zikahamia katika kompyuta. Kompyuta, kwa wasiozoea mambo yake, haifanyi kazi kwa chuma chake peke yake. Inahitaji mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote. Kampuni iliyotengeneza mfumo niliokuwa nikiutumia ilitangaza siku ambayo itaacha kuushughulikia. Baada ya siku hiyo mianya ya usalama itakayogunduliwa haitazibwa, na mfumo mpya wa kampuni hiyo hiyo haukukubali kuingia katika kompyuta ya umri wa yangu. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, kibodi imara, kioo hakina ufa. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba viatu vyako vizuri havifai tena kwa kuwa barabara imebadilishwa.

Njia zilikuwa tatu: kununua kompyuta mpya kwa pensheni ya mwalimu, kuendelea na mfumo wa zamani, na majina, namba za simu na michango ya watu viwe wazi kwa mwizi yeyote, au kuhama. Nikahama. Mfumo niliouhamia unaitwa Linux Mint, haulipiwi, na unaridhika na mashine yenye kumbukumbu ndogo kama yangu.

Kuhama mfumo kunafanana sana na kuhama nyumba. Uzuri mmoja ni kwamba nyumba hii unaruhusiwa kulala siku chache kabla ya kuhamishia vyombo: unauweka mfumo katika flashi, unaiwasha kompyuta kutoka humo, unatembea vyumba vyote, na usipopendezwa unachomoa flashi na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Baada ya hapo ndipo nikanakili mafaili yangu mahali pa salama na kuuweka kabisa. Wiki za mwanzo vidole vilikwenda kulikozoea kwenda. Nilitafuta faili mahali lilipokuwa katika nyumba ya zamani, kama mtu anayeamka usiku na kupapasa swichi ya taa kwenye ukuta usio na swichi. Printa ilikubali siku hiyo hiyo, skana ikagoma hadi siku ya tatu. Mazoea yana taabu, walisema wahenga. Wiki ya nne ilipokwisha nilijikuta sifikirii tena kompyuta. Nafikiria barua ninayoiandika. Hiyo ndiyo dalili ya mtu kuwa amekwisha kuwa mwenyeji.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta zana. Kila programu niliyoiacha ilinibidi niulize: ilikuwa ikinifanyia nini hasa? Swali hilo peke yake ni darasa, maana mara nyingi tunajua jina la kitu bila kujua haja yetu kwake. Kwa barua na majedwali nikapata LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice. Mafaili ya zamani iliyafungua. Machache tu safu za majedwali zilisogea, nikazirudisha kwa mkono. Kwa hesabu za mfuko wa chama ipo GnuCash, ingawa nimeona jedwali la kawaida linatosha. Kwa kusafisha picha za marehemu zinazowekwa kwenye ratiba za mazishi ipo GIMP, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Kwa kutazama kanda za harusi za wajukuu ipo VLC, ambayo mizizi yake ni kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi cha Paris mwaka 1996. Kwa kusafisha sauti iliyorekodiwa mkutanoni ipo Audacity.

Zana hizi hazitafutwi kwa kuzurura. Mfumo una ghala lake, na mtumiaji anaandika anachotaka kufanya, anasoma maelezo, anabonyeza, programu inaingia. Na ghala hilo lina ukoo. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2011, ilikuwa ikiwatumia watu diski kwa posta popote duniani bila kuwadai hata nauli. Ubuntu nayo imejengwa juu ya Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kutunzwa na watu wa kujitolea. Toleo la Debian la mwaka 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Mjukuu anamrithi baba, baba anamrithi babu, na hakuna aliyefanya fujo ya mirathi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Nilikuwa nimekaa katika nyumba iliyojengwa na maelfu ya watu, nala vyakula vyao, na sijui hata jina la aliyenichimbia msingi.

Lakini kabla ya kulijibu swali la deni, hatuna budi kukitambua vizuri kitu chenyewe tulichopewa. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima na kuwapa watu. Kisa kimojawapo kilichomsukuma ni printa ya maabara yao. Alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama, akanyimwa maandishi ya programu hiyo. Aliona kwamba aliyenyimwa hakuwa yeye tu. Walikuwa wote ambao wangefaidika na marekebisho yake. Kutokana na fikra zake na za wenziwe ikaja leseni ya mwaka 1989 inayosema, kwa ufupi, kwamba mtumiaji anaruhusiwa kuitumia programu kwa kazi yoyote, kusoma jinsi ilivyoandikwa na kuibadilisha, kumpa mwenziwe, na kumpa hata ile aliyoibadilisha. Ila anayeigawa asiwanyime wanaoipokea haki hizo hizo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kiini cha mfumo alichokiandika mwenyewe, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Ndicho kilichokuja kuitwa Linux.

Waingereza wana shida na jambo hili, kwa sababu lugha yao hutumia neno moja kwa kisicholipiwa na kwa kisichofungwa, na hivyo kila siku Stallman na wenziwe wamekuwa wakieleza ni lipi walilolikusudia. Kiswahili hakina shida hiyo. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na hakuna mtoto anayeyachanganya. Tende anayokupa mfanyabiashara ili uonje ni ya bure, lakini kapu linabaki lake. Kisima cha kijiji ni huru: unachota, unamwita jirani achote, na kamba ikikatika una haki ya kufunga nyingine.

Tofauti hii kwangu haikuwa ya maneno matupu. Katika mafaili yangu yamo majina ya watu, nani alichangia msiba wa nani, na nani alizikwa lini. Hayo si mali yangu. Mimi ni mtunzaji tu, na siku moja nitaandikwa humo humo na katibu mwingine. Je, nina haki ya kuzifunga kumbukumbu za watu katika muundo ambao ufunguo wake uko mikononi mwa kampuni ya mbali, ikiamua kubadilisha kitasa tunabaki nje? Daftari lilikuwa na kasoro zake, mchwa na mvua, lakini halikuhitaji ruhusa ya mtu ili lifunguliwe. Sasa nahifadhi kila kitu katika muundo ulio wazi, uliokubaliwa mwaka 2006 na shirika la viwango la kimataifa, ISO, ambao mtengeneza programu yeyote anaweza kuusoma na kuufuata. Nikifa kesho, mrithi wangu hatahitaji kumwomba mtu ufunguo. Nadhani amana inadai angalau hivyo.

Sasa nije kwenye ubishi. Kijana mmoja jirani yetu, fundi wa kompyuta na mtu wa heshima, alinikuta naandika muhtasari wa kikao akacheka. "Shikamoo Mwalimu. Umejitesa na kuhama. Ungeniambia, ningekuwekea ile programu ya kulipia na kila kitu chake, ya kunakili, kwa bei ya chai." Nilimjibu kwamba kuna jina la jambo hilo. Akasema, "Mwalimu, wizi ni kumwondolea mtu kitu. Nikiiba ng'ombe wako, wewe unakosa maziwa. Nikinakili programu, mwenyewe bado anayo nzima. Na yeye ni tajiri, sisi maskini. Amepungukiwa nini?"

Hoja hii haifai kupuuzwa. Mafundi wengi wanaishi kwayo, na wala si watu wabaya. Nakubali kwamba programu si ng'ombe. Nakubali pia kwamba bei iliyopangwa kwa mshahara wa Marekani haimtazami mwalimu wa Tanga. Hata hivyo sikuweza kuikubali hoja yenyewe, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba mwenye programu aliitoa kwa sharti. Sharti laweza kuwa gumu, hata la uchoyo, na dawa yake ni kuikataa programu, maana kulivunja sharti kwa kisingizio cha utajiri wa mwenyewe ni kufungua mlango ambao hauchagui wa kupita. Mtunza hazina naye atasema mfuko wa chama umejaa. Ya pili ni kwamba maskini anayenakili hajamshinda tajiri hata kidogo. Amejifunza kwa bidii zana ya tajiri, amewafundisha wanawe, na kwa mikono yake mwenyewe amejenga soko ambalo kesho atatozwa. Amekunywa bure, wala hakuwa huru. Ya tatu ni kipimo cha ukatibu wangu: jambo lolote ninalolifanya kwa niaba ya watu lazima liweze kuandikwa katika muhtasari na kusomwa kwa sauti mbele ya kikao. "Chama kimepata programu isiyolipiwa, kwa idhini ya watengenezaji wake" ni sentensi ninayoweza kuisoma nimesimama. Ile nyingine ningeisoma nikitazama chini.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo lilinishinda kujibu siku ile. "Na hawa waliokupa, Mwalimu, wewe umewapa nini?"

Nilipolitafakari niliona kwamba jibu nilikuwa nimelikalia. Chama cha kuzikana kinaendeshwa namna gani? Mtu akifa, tunachanga. Sanda, jeneza, gari, chakula cha wafiwa. Aliyezikwa hawezi kuturudishia, na hakuna anayemtazamia afanye hivyo. Mchango wake alikwisha kuutoa katika misiba ya wengine, na mchango wangu kwake utarudi kwangu kupitia mikono ya watu wengine kabisa, siku ambayo mimi sitauona. Deni la namna hii halirudi lilikotoka. Linakwenda mbele, kwa mwingine. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, walisema wahenga, na wala hawakusema kitaliwa na mwenziwe yule yule.

Iko tofauti moja, nayo ni kubwa. Katika chama, asiyechanga anajulikana. Jina lake linasomwa, anaonywa, mwisho anafutwa. Kwenye programu huru hakuna daftari la wasiochanga. Unaweza kula maisha yako yote, na hakuna atakayekuja mlangoni. Kwa hiyo jambo zima limeachiwa dhamiri, na dhamiri ya watu wengi ikilala kwa pamoja, nyumba inabaki kushikiliwa na mtu mmoja aliyechoka.

Hili lilionekana wazi mwaka 2024. Iko programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, inayotumiwa ndani ya mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea. Watu walimshinikiza kwa maandishi kwamba anachelewa, kwamba ampe mwingine nafasi; naye alikuwa amekwisha kueleza kwamba hali yake kiafya si nzuri na kwamba kazi hiyo hailipwi. Wakati huo huo mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa akimsaidia kwa upole, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa madaraka. Mtu huyo akaficha ndani ya matoleo mapya mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mlango huo uligunduliwa na mhandisi Andres Freund, ambaye katika majaribio yake aliona kwamba kuingia katika mashine kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akafuatilia sababu, na tarehe 29 Machi 2024 akawatangazia watu. Freund mwenyewe alikuwa mwajiriwa wa Microsoft, jambo linalotukumbusha tusigawe dunia katika wema na wabaya kwa kutazama nembo tu.

Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba mwizi aliingia kwa njia tuliyoiacha wazi sisi walaji. Wengi wetu tulikuwa tukila. Mtunzaji alipoomba kupumua, sauti alizozisikia zilikuwa za kudai, na mkono wa msaada uliofika ulikuwa wa mwenye hila. Laiti wangefika wasaidizi wa kweli watano, huyo wa sita angejulikana upesi.

Basi mtu wa kawaida alipe nini? Mimi si mhandisi, na umri wangu si wa kujifunza uhandisi. Lakini zipo kazi zinazohitaji mwalimu wa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelezo ya Kiswahili. Walionyesha kwamba lugha yetu inaweza. Ila katika programu kadhaa ninazozitumia leo tafsiri ya Kiswahili imeishia njiani: unafungua orodha, maneno matatu ni ya kwetu, la nne ni la kigeni. Kila Jumamosi asubuhi natoa saa moja kutafsiri. Si kazi nyepesi. Kiswahili, kwa mfano, kina "funga" kwa kuondoa dirisha mbele ya macho, na "funga" hiyo hiyo kwa kukiwekea kioo nywila asiingie mwingine. Aliyebonyeza moja akidhani ni nyingine atapata fadhaa, na ni juu ya mtafsiri kumwepusha nayo. Kosa nikiliona katika programu naliandikia taarifa kwa adabu, nikieleza nilichofanya na kilichotokea. Na jirani akitaka kuhama, namkaribisha alale usiku mmoja kwa flashi yangu.

Kijana yule ana hoja nyingine ambayo sitaificha. Anasema vijana wanatafuta kazi, na waajiri wanauliza programu ile ya kulipia kwa jina. Nikiwafundisha wajukuu hii yangu, nitakuwa nimewapa uhuru bila ugali. Ni kweli kwamba uhuru wa kuchagua ni rahisi zaidi kwa mstaafu. Kwa hiyo mjukuu wangu nimemfundisha kupanga barua, kujenga jedwali na kuhakiki jumla, katika programu mbili tofauti kwa zamu, ya pili akiitumia katika maktaba ya shule yao. Hajui kitufe kiko wapi kwa kukariri. Anajua anachokitafuta, na hivyo hukipata. Aliyejifunza kazi hahofii kubadilishiwa chombo. Aliyejifunza chombo tu ni mtumwa wa chombo hicho, kiwe cha bure au cha bei.

Narudia basi swali letu. Aliyepewa na asiowajua ana deni, ingawa si deni la kumlipa mtoaji. Halina tarehe, halina riba, halina mdai. Kwa sababu hiyo ndilo deni linalompima mtu kwa haki kuliko mengine, maana analipa bila kusukumwa. Kisima huru hakikauki kwa sababu watu wanachota. Hukauka siku ambayo kila mtu anachota akidhani kuna mwingine anayekizibua.